Mzee wa Muhuri na Mbuzi wa Tatu

Ukizaa, ukioa, ukifaulu mtihani au ukijenga nyumba ya mawe hapa karibu na soko la Mukuyuni, ulikuwa unapata kadi kutoka kwa Mzee wa Muhuri, utake usitake. Aliileta mwenyewe, ndani ya bahasha ya kaki, na hakuondoka mpaka uisome mbele yake. Yangu niliisoma nimesimama nyuma ya mashine ya fotokopi, wateja wakinisubiri. Ilisema hivi: "Ninamfahamu mhusika kwa muda mrefu. Ni mkaazi wa kata ndogo hii, mchapakazi, mwaminifu, na mdomo wake hauna kufuli. Msaada wowote atakaopewa utathaminiwa. Heri ya siku ya kuzaliwa." Chini palikuwa na picha ya ndege kanga, madoa yake yote mwilini, imepigwa kwa wino wa zambarau. Nilinuna siku mbili. Kisha nikaigundisha ukutani dukani, na iko hapo mpaka leo.

Hakuna aliyemwita kwa jina lake, hata kanisani. Alikuwa naibu wa chifu kwa miaka mingi, na miaka hiyo yote hukufanya jambo bila barua yake. Kitambulisho, barua. Basari ya karo ya mtoto, barua. Kuzika, barua. Muhuri wa ofisi aliubeba kwenye mfuko wa ndani wa koti, umefungwa kwa kamba kwenye kifungo, na wakati wa maombi aliweka mkono juu ya mfuko huo, wageni wakidhani ameguswa na Roho. Alipostaafu ilibidi aurudishe. Mke wake, ambaye mimi humwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, aliniambia kwamba miezi ile ya kwanza mzee alikuwa akimaliza chai, anainua kikombe, anakigonga mezani, kisha anainama kuangalia kama kimeshika vizuri. Vitambaa vya meza vilijaa miviringo ya chai. Mwaitu alivifua mpaka akachoka, akaviacha hivyo hivyo.

Ndipo akaanza kuchonga mihuri yake mwenyewe. Wa kwanza aliuchonga kwenye soli ya ndara, na ndara yenyewe ilikuwa ya Mwaitu, ya mguu wa kushoto. Soli ya ndara ni laini, haimenyeki ovyo, na inakamata wino kama imeumbwa kwa kazi hiyo. Alichora kwa penseli, akakata kwa wembe, akatoa kila kipande ambacho hakutaka kionekane, akagundisha kilichobaki kwenye kigingi cha mwarobaini. Wino alinunua kwangu, akaumwagia kipande cha godoro ndani ya kopo tupu la rangi ya viatu. Mwaitu alirudi kutoka shambani akanawa miguu, akatafuta ndara, akapata moja. Alivaa hiyo moja wiki nzima ili mzee aone. Mzee hakuona. Alikuwa anapiga kanga kwenye magazeti ya zamani, ukurasa baada ya ukurasa.

Alikuwa na picha kwa kila shughuli. Kibuyu kilikuwa cha mtoto aliyezaliwa, embe la ngowe lilikuwa la aliyefaulu mtihani, kobe alikuwa wa mtu aliyestaafu. Sanaa hiyo ina ubaya wake: kinachotazama kulia kwenye ndara, kwenye karatasi kinatazama kushoto. Mzee alilijua hilo vizuri, alinieleza mimi mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia, lakini siku ya harusi moja kubwa alisahau. Alikuwa amechonga kanga wawili, kila mmoja kwenye muhuri wake, wa kushoto na wa kulia, watazamane kwa mapenzi. Kadi ilipofunguliwa mezani kwa maharusi, kanga walikuwa wamepeana migongo. Shangazi wa bibi harusi aliinuka na kutaka kujua ni laana gani hii. Mzee alisimama, akavuta koti, akamwambia kwamba kanga hao wanalinda boma, kila mmoja upande wake, na kwamba ndoa ambayo watu wanatazamana tu mwizi huingia. Shangazi aliketi. Mwaka uliofuata watu watatu walimwomba kanga wa kupeana migongo.

Kitu kilichomsumbua zaidi ni maandishi ya kuinuka. Aliwahi kupelekewa kadi ya mwaliko kutoka Nairobi, ya dukani, yenye herufi zilizovimba kiasi kwamba ukipitisha kidole unazihisi. Hakwenda kwenye hiyo sherehe. Alibaki nyumbani akiikwangua ile kadi kwa ukucha, kisha akaisogeza karibu na jiko, herufi zikalainika, akaelewa kwamba ni unga fulani unaomwagwa juu ya wino mbichi na kuyeyushwa kwa moto. Unga gani, hakujua. Alijaribu nta ya mshumaa iliyoparwa, kadi ikatoka kama kitambaa cha mgahawa. Alijaribu sukari, na hiyo ilipendeza kweli, iling'aa kama kioo, mpaka siafu na sisimizi wa nyumba ya mwalimu mkuu walipopata habari. Mwalimu mkuu alikuta kwenye kabati karatasi yenye matundu yaliyoandika "Hongera".

Jibu lilikuwa ubani. Aliupata Kitui mjini, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye familia yake ilitoka pande za kaskazini mashariki, muuza mbuzi ambaye pia aliuza ubani na manemane kwa vibaba. Mzee aliutwanga kwenye kinu kidogo, akauchekecha kwa soksi ya nailoni, akaunyunyiza juu ya picha kabla wino haujakauka, akakung'uta uliobaki. Halafu alijaza pasi makaa, akaishika kadi juu yake akiizungusha pole pole, uso ameukunja, mpaka ule unga ukayeyuka na madoa ya kanga yakainuka yote pamoja. Nimewahi kuona akifanya. Mara tatu kati ya tano kadi iliwaka. Kila ilipowaka alisema "Tarehe?" na Mwaitu, kutoka jikoni, alimtajia tarehe, naye akaiandika nyuma ya ile iliyoungua na kuihifadhi. Kitu bila tarehe ni uvumi, ndivyo alivyotufundisha sote tangu enzi za baraza.

Sasa fikiria kadi inayonukia ubani inafika kanisani kwetu. Mchungaji alifungua bahasha yake ya Krismasi madhabahuni, harufu ikamgonga, akaiweka chini kama aliyeshika kaa la moto. Akina mama wa safu ya mbele wakaanza kuimba bila kuambiwa. Kwa watu wetu harufu hiyo ni ya mganga au ya msikiti, hakuna njia ya tatu. Mchungaji alianza kuuliza kwa sauti ya upole ni roho gani imeingia. Mzee akasimama katikati ya wimbo, akaomba kujua kama wale mamajusi waliompelekea mtoto Yesu uvumba walikuwa waganga wa wapi. Kadi ililala nje, kwenye dirisha la ofisi ya kanisa, siku kadhaa, kisha nikaona imerudishwa ndani. Mchungaji aliniambia baadaye kwamba ni kweli inanukia vizuri, lakini nisimwambie mtu. Nilijitahidi.

Lakini kilichowatisha watu hasa kilikuwa maneno ya ndani. Mzee hakujua kuandika salamu. Alijua kuandika barua ya ofisa, na ofisa hathibitishi uongo. Kijana wa bodaboda aliyeoa aliandikiwa kwamba ni mwenye bidii na heshima isipokuwa anapoona mteremko. Yule muuza ubani, siku ya Idi, alipokea kadi nzuri yenye mwezi ulioinuka, na ndani: "Ninamfahamu mhusika kuwa mfanyabiashara mwaminifu, ingawa ubani wake wa mwezi uliopita ulikuwa na mchanga." Muuza ubani alicheka hadi akaketi juu ya gunia, akamwongezea kibaba bure. Walikuwa marafiki wakubwa. Walikuwa wanakaa mchana kutwa pamoja bila kusemeshana, mmoja anahesabu mbuzi, mwingine anachagua ubani punje kwa punje, na jioni kila mmoja anasifu mazungumzo ya mwenzake.

Ninyi mnaosoma mtadhani watu walizichukia kadi hizo. Walizichukia, ndiyo, na walizitaka kufa. Kwa sababu ukisoma kwamba una bidii, na chini yake umesoma kwamba una hasira za karibu, ile bidii unaiamini. Kuna mama mmoja alilia machozi dukani kwangu akinionyesha palipoandikwa "ni mwema kupita anavyojionyesha". Mume wake hajawahi kumwambia hivyo, wala mama yake. Aliniomba fotokopi sita.

Na hapo ndipo tulipopata balaa. Msichana mmoja aliyejifungua alipewa kadi ya kibuyu, na alipokwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto akaambiwa alete barua ya chifu. Yeye akatoa ile kadi. Karani akasoma: ninamfahamu mhusika, ni mkaazi, msaada wowote atakaopewa. Akaipokea, akaitia kwenye faili. Baada ya hapo wengine wakaja na zao. Naibu wa chifu mpya, binti mdogo mwenye suti na kompyuta, alimwita mzee ofisini ajieleze. Mzee alimwambia aonyeshwe ni wapi kwenye sheria serikali inatumia kibuyu. Binti alimwambia kwa adabu kwamba anamheshimu kama baba yake, lakini kuanzia leo kila kadi iandikwe waziwazi kuwa si barua. Mzee alitoka pale akisema huyo mtoto hajui kazi. Ila kadi zote za baadaye zilikuwa na mstari mdogo chini: "Hii ni furaha tu, si barua." Mimi nilidhani amenyenyekea. Mwaitu alisema hapana, amefurahi kupewa amri, alikuwa amezikosa.

Nimemtaja Mwaitu mara nyingi, na sasa lazima niseme jambo lake, kwa maana ndilo lililokuwa linatuuma sote.

Mwaitu hakuwa amepata kadi. Soko zima lilikuwa na kadi, hata mnyapara wa machinjio alikuwa na mbili, na yeye ambaye ndara yake ilitoa muhuri wa kwanza hakuwa na hata moja. Mwanzoni alitania. Alisema anangoja zamu yake, foleni ni ndefu. Halafu akaacha kutania. Siku moja alinikuta nafunga duka, akatazama kadi yangu ukutani kwa muda, akasoma mpaka pale pa kufuli, akasema polepole: "Mimi nimeishi na muhuri miaka yote hii, na haujawahi kunigusa."

Nilikwenda kumkabili mzee. Nilimwambia wazi kwamba anamkosea mama yetu. Hakukasirika. Alinieleza kama anayesoma mwongozo kwamba ofisa hawezi kumthibitisha mtu wa nyumba yake. Katika miaka yote ofisini hakuwahi kuandika barua ya mke, wala ya mtoto, wala ya ndugu. Aliwapeleka wote kwa chifu wa kata jirani, kwa miguu. Wakati wenzake walikuwa wanawapigia mihuri mashemeji hadi wino unakauka, yeye alikuwa msafi. Nikamkumbusha kwamba amestaafu, na kwamba anachopiga ni kanga. Alinitazama kwa huzuni, kama mtu aliyetarajia makubwa kutoka kwangu. Akasema muhuri ni muhuri.

Na kulikuwa na jambo la mbuzi. Wakamba hatuna ndoa bila ntheo, wale mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana kusema kwamba huyu sasa ni wetu. Mzee alipeleka watatu. Kulingana na Mwaitu, wawili walikuwa wazuri, na wa tatu alikuwa amekonda hivi kwamba baba yake aliuliza kama ni mbuzi au ni kamba ya kuwafungia wale wengine. Kulingana na mzee, wote watatu walikuwa wanono. Ugomvi huo ulidumu maisha yao yote. Ungekuja kwenye sherehe yoyote, harusi, mavuno, hata matanga, mtu akitaja mbuzi tu, Mwaitu anasema "Wa tatu," na mzee anasema "Mnono," na sisi tunaendelea kula. Tulicheka. Mwaitu naye alicheka, lakini alinieleza siku moja tukichambua pojo kwamba wakati ule wasichana wenzake walimtania kisimani mpaka akaacha kwenda. Alitaka tu mzee aseme ilikuwa kweli.

Mwaka jana binti yao anayeishi Kambu alijifungua, na Mwaitu akaenda kumsaidia. Mtoto akafikisha miezi mitatu, akafikisha mitano, bibi hajarudi. Mzee alipiga simu akauliza anarudi lini. Mwaitu alimjibu kwamba atarudi akipata kadi kama mtu mwingine yeyote wa Mukuyuni, na kama hastahili kadi basi amekwisha kuonyeshwa kwamba yeye si wa Mukuyuni, atakaa Kambu. Akakata simu.

Wiki zile mzee alipika mwenyewe. Tulijua siku za pojo kwa harufu ya kuungua. Kifungo kimoja cha koti kilikatika, akakishikilia kwa pini ya karatasi. Alikuja dukani hanunui kitu, anasimama tu akipanga bahasha zangu kwa ukubwa. Alikuwa hata hapigi mihuri tena. Mwalimu mkuu alistaafu bila kobe. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia vilevile. Kumbe alikuwa anatafakari. Asubuhi moja alifika amenyoa ndevu, akaniambia: "Mama Fotokopi, funga duka. Nahitaji shahidi."

Alinipeleka kwenye ofisi yake ya zamani. Tuliketi kwenye benchi la nje, na watu walipomtambua wakaanza kumpisha mbele, akawakatalia mmoja mmoja, akawarudisha kwenye nafasi zao kama zamani. Zamu yetu ilipofika alivua kofia. Alimwita yule binti Madam. Akasema amekuja kumwombea mtu uthibitisho, akaweka mezani kadi tupu ya manila nzito, imekunjwa vizuri, na mahali pa muhuri amepaacha wazi. Ndipo nikaelewa. Yeye hawezi kumthibitisha mke wake, lakini ofisa mwingine anaweza.

Binti aliitazama kadi, akamtazama mzee, akavuta karatasi. Akaanza maswali yale yale ambayo mzee aliwauliza watu wote wa kata hii, kwa mpangilio ule ule. Mhusika ni nani? Mke wangu. Unamfahamu kwa muda gani? Tangu ana meno ya mbele yenye mwanya, sasa yamekwenda. Mlango ulikuwa wazi, na benchi lote la nje lilinyamaza kusikiliza.

"Tabia yake?" binti akauliza.

Mzee alizungusha kofia mikononi. Nilidhani atasema ni njema, kama inavyoandikwa. "Ni mkali," akasema. "Hasahau kitu." Akakitazama kiti alichokalia binti. Kisha akasema, "Nikiwa kwenye kiti hicho, watu walikuwa wanakuja nyumbani kwangu wakilia, mimi nawaambia ofisi inafunguliwa kesho. Yeye anawaketisha, anawapa chai. Watu walisema nilikuwa ofisa mwenye huruma. Ilikuwa chai yake."

Binti aliandika yote. Nilimwona akipangusa jicho kwa kidole cha kati, akijifanya anakuna. Halafu akasema kwamba barua anaweza kumwandikia sasa hivi, na kwa furaha, lakini muhuri wa serikali hauwezi kupigwa kwenye kadi ya salamu. Samahani sana, baba.

Mzee aliinuka. Akavaa kofia. "Vizuri," akasema. "Ungekubali, ningekuripoti." Akachukua kadi yake, akampa mkono, na huko nje akaniambia kwamba huyo mtoto anajua kazi. Barua hakuitaka. Alisema barua ni ya mtu mwenye shida, na mke wake hana shida yoyote.

Mimi, mnajua mdomo wangu. Kabla hatujafika sokoni nilikuwa nimebaki nyuma kidogo nikampigia Mwaitu, nikamsimulia neno kwa neno, chai na kila kitu. Aliniomba nirudie pale pa chai. Kisha akasema, "Amemwambia yule msichana. Mimi bado sijaambiwa."

Siku chache baadaye mzee alikuja kuniomba kalamu iliyokwisha wino. Nilimpa konzi nzima, duka langu halikosi hizo. Akataka pia manila nzito kuliko zote. Nilimfuata nyumbani kwa umbea wangu, nikamkuta dirishani. Alikuwa amekata umbo kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia, amekilaza kwenye kioo cha dirisha, na juu yake ameweka karatasi, jua likipita nyuma na kumwonyesha mistari. Alikuwa anasugua karatasi kwa ncha ya ile kalamu kavu, taratibu, akifuata kingo, na upande wa pili karatasi ilikuwa inavimba yenyewe. Hakuna ubani, hakuna pasi, hakuna godoro. Hakunionyesha ni picha gani. Alinieleza tu, bila kugeuka, kwamba amesoma sheria yake upya, na ofisa haruhusiwi kumpigia muhuri mtu wa nyumba yake. Muhuri ni wino. Hapa hakuna wino. Kwa hiyo hapa hakuna muhuri, kuna karatasi iliyovimba, na hakuna sheria inayokataza karatasi kuvimba. Katika miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akitafuta mlango wa nyuma. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

Mtu hamfuati mke peke yake, huenda na mtu wa kumsemea, kwa hiyo nilifunga duka tena. Binti yao ana kibanda cha maembe na nafaka pale Kambu, karibu kabisa na barabara kuu, malori ya Mombasa yakipita kiasi kwamba mazungumzo yote hufanywa kwa vipande. Mwaitu alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo wa pojo magotini, miguu peku. Hakuinuka. Nilianza hotuba niliyoitayarisha tangu Mukuyuni, kuhusu nyumba na taa yake na kuku wanaouliza mama yao yuko wapi. Alinikatiza akauliza kuku wangapi wamekufa. Nikaiacha hotuba.

Mzee akampa bahasha ya kaki na akasimama kungoja isomwe, kama anavyosimama kwa watu wote.

Mwaitu aliifungua. Ndani palikuwa na mistari miwili kwa mwandiko wake wa ofisi: "Ninamfahamu mhusika. Msaada wowote atakaonipa utathaminiwa." Aliisoma, akairudia, midomo ikitembea. Kisha akageuza kadi kutafuta muhuri, akaona peupe. Niliona uso wake unaanza kukunjamana. Mzee alisogea. Aliinama, akamshika kidole, akakiweka juu ya karatasi.

Kidole kilitembea. Kilipita juu ya mbuzi wa kwanza, tumbo la mviringo, pembe. Kikapita wa pili, mnono vilevile. Kikafika kwa wa tatu, kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikaanza kuhesabu mbavu, moja baada ya nyingine, kila moja imeinuliwa kwa kalamu kavu, na mgongo juu yake kama uzi.

"Huyu amekonda," Mwaitu akasema.

Lori lilipita. Mzee alilisindikiza kwa macho mpaka likaishia kwenye kona, na vumbi likatulia.

"Alikuwa amekonda," akasema. "Nilijua hata tukiwa njiani naye. Sikuwa na mwingine."

Mwaitu alishika kadi kwa mikono yote miwili. Alisema baba yake alikufa akilisema hilo, na hakuna aliyemwamini. Halafu akaanza kucheka, kicheko kilichotoka mbali, kikamtoa machozi, pojo zikamwagika kutoka kwenye ungo zikatawanyika chini na hakuna aliyeziokota. Mzee alibaki amesimama, kofia mkononi, haji karibu wala haendi mbali. Mimi nililia waziwazi, siwezi kuficha.

Alipomaliza kucheka Mwaitu alijifuta kwa leso, akaiweka kadi kifuani ndani ya nguo, akamgeukia binti yake.

"Niletee ndara zangu," akasema. "Zote mbili, kabla huyu hajaziona."